Kuingia si kuenea: piesi za orijino na piesi za kopi

Katibu wetu aliniomba niandike kitu cha ufundi, "kitu chenye kinaweza kusaidia hata mtu mwenye hana moteri nyumbani." Nimefikiri sana. Mwishowe nimeona heri niwaeleze kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndani yake mna somo ambalo sikulipata darasani, ingawa nilikaa darasani miaka mitano na nikatoka na diploma ya elektromekanika.

Mimi ni mtoto wa Kinsevere, kilomita kama 30 kaskazini ya Lubumbashi. Wengi mnalijua jina hili kwa sababu ya mgodi wa shaba. Lakini mbali kidogo na barabara ya malori kuna watu wanaolima. Mama yangu na akina mama wengine saba wana bustani karibu na kijito: kabichi, nyanya, lengalenga. Wakati wa kiangazi, mvua ikikatika kuanzia mwezi wa tano, bustani ile inaishi kwa motopompi tu. Mboga zinauzwa mjini, na franga zile ndizo zinalipa masomo ya watoto mwezi wa tisa. Kwa hiyo moteri ikisimama mwezi wa nane, si moteri peke yake inayosimama.

Ikasimama mwezi wa nane.

Ilikuwa moteri ya kopi, ile ndogo ya petroli yenye silenda moja ambayo tunaiona kila mahali: kwenye gurupu za umeme, kwenye mashine za kusaga karanga, kwenye pompi. Baba mukubwa, mzee aliyefanya kazi ya ajusteri miaka mingi, akatuazima moteri yake, Honda GX160 ya orijino, ambayo anaitunza kama jicho. Kazi yangu ilikuwa nyepesi: kutoa puli kwenye moteri iliyokufa, kuiweka kwenye moteri ya baba mukubwa, kurudisha mkanda, kuwasha.

Puli ikaingia. Ilicheza kidogo kwenye shafti, lakini iliingia. Nikakata kipande cha bati la kopo la samaki, nikakizungusha kwenye shafti, nikagonga puli, nikakaza vizuri. Klaveti nayo ilikuwa nyembamba kwa mfereji wa puli, nikaijazia bati. Maji yakatoka. Akina mama wakapiga vigelegele. Nami, niseme ukweli, nilijiona injinia kabisa.

Siku ya nne puli ikachomoka moteri ikiwa inakimbia. Ilipita karibu na goti la mdogo wangu, ikapiga bido la lita 20 lililokuwa nyuma yake, likapasuka. Yeye hakuguswa. Nilipozima moteri niliona mfereji wa klaveti kwenye shafti umetafunwa wote.

Baba mukubwa alikuja jioni. Hakupiga kelele. Alishika shafti, akaitazama, akaniuliza:

"Mwana, uliipima?"

"Hapana, baba mukubwa. Lakini iliingia."

"Iko naingia, ndiyo. Lakini haiko naenea. Kuingia na kuenea njo vitu mbili."

Maneno yale mawili ndiyo makala yote. Yaliyobaki ni maelezo.

Tuanze na namba, kwa sababu namba ndizo zilinihukumu. Moteri hizi ndogo zinatoka kiwandani na shafti za aina mbalimbali kufuatana na kazi na nchi. Mbili za mviringo ulionyooka ndizo tunazokutana nazo sana: moja ni ya milimita 20, nyingine ni ya robo tatu ya inchi. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05. Puli ya akina mama ilitobolewa kwa 20. Shafti ya baba mukubwa ilikuwa 19.05. Tofauti ni milimita 0.95, chini ya milimita moja. Kwa macho ni kitu kidogo. Mkononi ni mchezo kidogo tu.

Sasa wasikilizeni wale mliosoma fizikia. Puli ikikazwa kwa skrubu ya upande mmoja inasukumwa mpaka shafti iguse upande mwingine wa tundu. Katikati ya puli inahama karibu nusu milimita kutoka katikati ya shafti. Moteri ya namna hii ikikimbia kwa nguvu zake zote inazunguka mara 3600 kwa dakika, yaani mara 60 kwa sekunde. Puli yenye uzito wa nusu kilo, ikiwa imehama nusu milimita, kwa mwendo huo inavuta shafti kwa nguvu ya karibu kilo tatu na nusu, na mvuto huo unazunguka pande zote mara 60 kila sekunde. Bati la kopo la samaki haliwezi kuvumilia hivyo siku nne. Linasagika, puli inapata nafasi zaidi, klaveti inaanza kupiga kingo za mfereji kama nyundo. Puli yenye upana wa sentimita 8, kwa mwendo huo, ukingo wake unakwenda zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Ndiyo mwendo uliopita karibu na goti la mdogo wangu.

Basi swali ambalo ningejiuliza mwanzo: kwa nini moteri mbili zinazofanana hivi, hata rangi, hata mahali pa kuvuta kamba, zisipokeane piesi zote?

Honda ilianza kuuza familia ya moteri za GX mwaka 1983. Zilipendwa duniani kote. Haki ya uvumbuzi kwa kawaida inadumu miaka 20, kisha kila mtu anaruhusiwa kutengeneza kitu kilekile, mradi asiandike jina la mwingine juu yake. Viwanda vingi vya China vikachukua umbo lile na vikatoa moteri wanazoziita 168F. Jina hilo si bahati nasibu: 1 ni silenda moja, 68 ni upana wa silenda kwa milimita, F ni kupozwa kwa upepo. GX160 nayo ina silenda ya milimita 68. Ndiyo maana piesi nyingi zinapokeana kweli, na si vibaya kusema hivyo. Moteri hizi zinaingia kwetu kwa makontena, zinapita Kasumbalesa, na zimesaidia watu wengi ambao bei ya orijino isingewaruhusu kununua hata moja. Siandiki ili kuzitukana.

Lakini anayeiga anaiga alichokipima. Akipima moteri iliyotengenezwa kwa soko la inchi, atatoa kopi ya inchi. Akipima ya soko la milimita, atatoa ya milimita. Na hata akipata kipimo sawa, hajui mwenye orijino aliruhusu kosa kiasi gani. Hapo ndipo penye siri. Hakuna piesi duniani inayotengenezwa kwa kipimo kamili. Mchoro wa kiwanda haundiki "20" tu. Unaandika 20 pamoja na kiasi kidogo kinachoruhusiwa kupungua au kuzidi, pengine mia chache za milimita. Wafundi wetu wanaita toleransi. Kopi inaweza kuiga umbo, lakini toleransi haionekani kwa macho, na chuma kilichotumika hakionekani pia.

Mfano wa pili, ambao nimeuona kwa fundi mmoja mjini. GX160 ina silenda ya 68. GX200, ndugu yake mkubwa, ina silenda ya 68 vilevile. Mtu akipima upana wa pistoni peke yake atasema ni kitu kimoja. Lakini pistoni ya 160 inapanda na kushuka milimita 45, ya 200 inapanda na kushuka milimita 54. Tofauti ni 9, nusu yake juu na nusu yake chini: milimita 4.5 kila upande. Milimita hizo lazima wahandisi wazipangie mahali: kwenye urefu wa bieli, kwenye kimo cha pistoni, au kwenye kimo cha bloki. Ukichanganya bila kujua, pistoni inaweza kugonga kulasi, au kuishia chini mno moteri ikose kompresheni. Pistoni imeingia, haikuenea.

Baba mukubwa alinieleza jambo hilohilo kwa kitu cha zamani zaidi kuliko moteri. Yeye ana bunduki ya kuwinda, kalibre 12, yenye vibali vyake kama sheria ya silaha ya mwaka 1985 inavyodai. Jirani mmoja, ambaye bunduki yake ni kopi ya kutoka nje, aliwahi kumwomba wabadilishane mitutu. "Zinafanana, mzee, tujaribu tu." Baba mukubwa alikataa, na jirani alinuna miezi.

Kwa nini alikataa? Kalibre 12 inaeleza upana wa mtutu tu: risasi za mviringo 12 za upana ule, za madini ya risasi, zinafanya ratili moja. Ni karibu milimita 18.5. Namba hiyo haisemi chumba cha risasi kina urefu gani, wala mtutu unafungwa vipi kwenye kitako, wala ni pengo gani linabaki nyuma ya risasi. Na hapo ndipo moto unapowaka. Kwa vipimo vya shirika la kimataifa la C.I.P., lililoanzishwa Liège, Ubelgiji, mwaka 1914, risasi ya kawaida ya kalibre 12 inaruhusiwa kufikia shinikizo la bar 740. Tairi ya gari ndogo ina bar 2 na kidogo. Kabla ya bunduki kuuzwa, inafyatuliwa kwa risasi ya majaribio yenye nguvu zaidi, bar 930, kisha inapigwa muhuri. Liège wamekuwa na nyumba ya kupima bunduki tangu 1672, na bunduki nyingi za zamani za huku kwetu zina mihuri ya huko. Muhuri ule unatoa ushahidi juu ya mtutu na mfungo wake vikiwa pamoja. Ukitia mtutu mwingine, ushahidi umekwisha, hata kama mtutu wenyewe ni mzima.

Wawindaji na wafundi wa Marekani wanayajua haya. Remington 870 ilianza kutengenezwa huko mwaka 1950, na Norinco ya China ilitoa kopi yake. Mitutu mingine inapokeana bila shida, mingine inataka kusuguliwa kwa tupa kidogo ndipo iingie. Lakini mtu akishachukua tupa, amekubali mwenyewe kwamba vipimo si sawa. Kinachobaki ni kujua amesugua mahali gani, na kwa jambo hilo inatakiwa mtu wa silaha mwenye vipimo vyake, si jirani mwenye haraka. Kwenye puli yangu, bati la samaki lilikuwa tupa yangu.

Ajabu ni kwamba wazo lenyewe la piesi zinazobadilishana lilitoka kwenye bunduki. Zamani kila bunduki ilitengenezwa na fundi mmoja, na skrubu ya hii haikuenea kwa ile. Mwaka 1785 huko Ufaransa, fundi Honoré Blanc alimwonyesha Thomas Jefferson, wakati huo balozi wa Marekani, mitambo ya kufyatulia iliyofunguliwa vipande vipande na kuchanganywa. Jefferson aliunganisha kadhaa kwa mikono yake, akichukua kipande chochote kilichomjia, na vyote vikakubali. Mwaka 1801 Eli Whitney alifanya onyesho kama hilo Marekani mbele ya wakubwa, akasifiwa sana. Wanahistoria walipochunguza bunduki zake baadaye, waliona piesi zake hazibadilishani kweli. Zilikuwa zimeandaliwa zienee siku ile. Ilichukua miaka mingi zaidi, mashine nyingi, na vipimo vya chuma vya kulinganishia, mpaka ahadi ikawa kweli. Kwa hiyo tunaponunua piesi sokoni na kusema "ni ileile", tunadai kitu ambacho watu walikitafuta kwa muda mrefu, na kilipatikana kwa kupima.

Sasa tufanye nini sisi, wenye mifuko myepesi? Baba mukubwa alinigawia piesi katika mafungu matatu. Nayaandika kama alivyonieleza, na maneno machache yangu.

Fungu la kwanza ni piesi za namba ya dunia. Rulma, wengine wanaita beringi, ndiyo mfano mzuri. GX160 inatumia 6205 kwenye shafti yake kuu. 6205 ni tundu la milimita 25, upana wa nje 52, unene 15, popote ilipotengenezwa. Buji nayo ina namba yake. Hapa usiulize kama ni ya moteri ya orijino au ya kopi, soma namba. Wasiwasi unaobaki ni ubora, si kipimo. Rulma ya bei ya karanga itazungumza yenyewe.

Fungu la pili ni piesi za nje ambazo zikikosea hazimuumizi mtu: chujio la hewa, kifuniko, tanki, kamba ya kuvutia. Hizi jaribu. Zikienea, vizuri. Zikikataa, umepoteza nusu saa. Kuwa mwangalifu tu na bomba la petroli, lisivuje juu ya egzosti yenye moto.

Fungu la tatu ni piesi zinazobeba nguvu, mwendo au shinikizo: shafti na puli yake, bieli, pistoni, volani, kulasi. Mtutu wa bunduki nao uko hapa. Za fungu hili haziingizwi kwa macho wala kwa kugonga. Zinapimwa, au zinanunuliwa pamoja na mwenzake aliyetengenezewa. Na ukisikia mkono wako unatafuta nyundo, tupa au bati, simama.

Kupima kunataka piakulisi. Ile ya kawaida inasoma mpaka sehemu ndogo za milimita, na bei yake mjini ni ndogo kuliko puli mpya. Pima tundu, pima shafti, pima upana wa klaveti na mfereji wake. Andika namba kwenye karatasi, uende nayo sokoni, upime na piesi ya muuzaji kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa usipime, amekwisha kukujibu. Usiamini jina lililobandikwa pia: kibandiko kinachapwa popote. Kwenye moteri ya orijino kuna jina na namba zilizochorwa kwenye chuma chenyewe, na herufi zinazofuata jina la moteri zinaeleza aina ya shafti. Nami nilikuwa nimezipita siku nne bila kuzisoma.

"Shi unajua kusoma?" baba mukubwa aliniuliza. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mwisho wa habari ni huu. Kabichi za safu mbili zilikauka kabla ya kupata moteri nyingine ya kuazima. Karo ya mdogo wangu ilichelewa, na nililipa mimi kwa mshahara wa kufundisha. Shafti ya baba mukubwa haikutengenezeka. Orijino hatukuimudu. Tulikwenda pamoja sokoni tukatafuta ya kopi, na mzee alipima kila moja: mahali pa rulma, mahali pa bieli, umbali wa mapigo, koni ya volani, ncha ya puli. Ya kwanza alirudisha. Ya pili alirudisha. Ya tatu aliipima mara mbili, akanipa niipime mimi, tukapata namba zilezile. Ndiyo tuliyonunua. Kisha fundi wa tona alitutobolea puli mpya kwa 19.05. Moteri ile, orijino yenye shafti ya kopi, imemaliza viangazi viwili na bado inavuta maji.

Ndiyo maana sikubali mtu anaposema kopi ni uchafu, wala anaposema ni sawasawa tu. Yote mawili ni maneno ya mtu asiyepima.

Nina ombi moja kwa chama. Kati yetu kuna walimu, wauguzi, wanasheria, na sisi wa ufundi. Kila kijiji tunachotoka kina moteri mbili tatu zinazoshikiliwa na bati. Tuchange tununue piakulisi nne, tuziache kwa watu wanaoaminika, na kila likizo mmoja wetu awafundishe vijana wawili kuzisoma. Ya Kinsevere nitaisimamia mimi. Jumamosi asubuhi niko bustanini kwa mama; mwenye puli inayocheza aje nayo, na shafti yake pia.